Kata ya Kwanza ya Mama Mageni

Kambini, nyuma ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita, hakuna aliyemwita Sikujua kwa jina lake. Wanawake walimwita Mama Mageni, wanaume walimwita shemeji, na mgeni aliyeshuka kwenye lori kwa mara ya kwanza, koo limekauka kwa vumbi la Masumbwe, aliambiwa tu, "Fuata moshi ule. Utafika kwa yule mama ambaye pombe yake haiumizi kichwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Na sifa ni kama mzigo wa kuni. Ukishajitwika, si rahisi kuutua katikati ya njia watu wakikutazama.

Alizaliwa katika nyumba ya pombe. Mama yake, kule Mhunze, alikuwa mpishi, na mama wa mama yake pia. Sikujua akiwa bado hana meno ya mbele alikwisha kujua kuloweka mtama, kuufunika kwa majani mpaka uote, kuuanika uwe kimea, kukisaga juu ya jiwe, kupika uji na kuutia kile kimea, halafu kungoja. Alijua kutega sikio kwenye mdomo wa mtungi kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. "Ikinong'ona, bado," mama yake alimwambia. "Ikinyamaza, imeiva." Kisha alimchotea kidogo, akamnywesha kwa mkono wake, mtoto akakunja uso, watu wazima wakacheka.

Na kabla ya yote hayo alifundishwa kata ya kwanza. Mwenye pombe ndiye anayekunywa mbele ya wote. Anachota kwa kata ile ile watakayonywea wageni, anakunywa, anameza, watu wakiona koo likipanda na kushuka, ndipo anampa aliye mkubwa kati yao. Maana yake ni moja: kama humu ndani mna kifo, kianze na mimi. Kijijini, ambako kila mtu anajua ng'ombe wa kila mtu kwa rangi, jambo hili lilikuwa heshima tu. Lakini kambini walikaa Wasumbwa na Wazinza, Wahaya na Wakurya, watu ambao mmoja hajui kaburi la babu wa mwenzake liko wapi. Huko kata ya kwanza haikuwa heshima. Ilikuwa kiapo.

Aonjaye asali huchonga mzinga. Alipoletwa kambini na mumewe Mabula, mchimbaji aliyeshuka chini ya ardhi alfajiri na kurudi jioni macho mekundu, Sikujua alikuwa mnywaji wa kata moja. Halafu upweke ukaingia. Kata ya pili aliinywa ili kuhakikisha ile ya kwanza haikumdanganya. Ya tatu aliinywa kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Baada ya hapo hakutafuta tena sababu.

Siku ya moto ilikuwa mchana mweupe. Mageni, binti yake wa pekee, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Sikujua alijilaza kivulini, nyuma ya kihenge cha mtama, "nipumzishe mgongo," na mgongo ukapumzika mpaka masikio nayo yakapumzika. Aliyesikia kilio ni Ghati, jirani yake Mkurya, aliyeruka uzio na sufuria mkononi. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa ndani ya makaa. Ulipona, lakini vidole viwili vya mwisho vilipona vikiwa vimeshikana, kama kunde mbili ndani ya ganda moja.

Mama yake Mabula alikuja kutoka Mhunze kumuuguza mjukuu. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Siku ya kuondoka alimkalisha Sikujua kwenye kigoda, yeye akakaa chini, jambo lililomtisha mkwewe kuliko matusi.

"Mwanangu," alisema, "mimi sitakurudisha kwenu, na mwanangu sitamwambia akupige. Pamba ikishavunwa nitarudi. Nitanusa kinywa chako. Nikikuta pombe, Mageni naondoka naye, na hutamwona tena mpaka aje kukuzika."

"Nimesikia, mayu," Sikujua alijibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na siku ile neno hilo lilimtoka kwa shida.

*

Mvuvi akiapa kutogusa samaki, anaweza kuhamia mlimani. Sikujua hakuwa na mlima. Jioni moja alimsubiri Mabula amalize kula.

"Baba Mageni, nataka niache."

"Si umekwisha kuacha?"

"Niache kupika."

Mabula alimtazama kana kwamba amesema ataacha kupumua. "Tule nini? Mshahara wangu unageuka ng'ombe wa baba kabla haujafika mfukoni. Pombe ndiyo inayokuvisha wewe na mtoto. Ndiyo maana wanaume hapa wananiita kwa heshima." Akanawa mikono, akaikung'uta. "Acha kunywa, mke wangu. Usiache kupika."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake aingie mtoni ila asilowe.

Basi akaendelea kupika. Hamu ilikuwa na saa yake: jua likishaegemea paa la nyumba ya Ghati, inaanza. Haikuja kama njaa, kwa tumbo. Ilianza chini ya ulimi, mate yakajaa bila kuitwa. Kisha ikashuka mikononi, mikono ikawa haijui pa kukaa. Kisha ikaja sauti, na sauti hiyo haikuwa ya shetani wala ya jini. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya adabu, yenye busara. *Kuonja si kunywa, Sikujua. Mpishi asiyeonja atajuaje kama imeharibika?*

Alijitafutia silaha alizoweza. Alitafuna mtama mbichi mpaka taya zikauma. Alinyonya ukwaju. Alikwenda kisimani kuteka maji hali mtungi wa maji umejaa, akayamwaga njiani, akarudi kuteka. Kilichomsaidia zaidi kilikuwa udongo wa kichuguu. Alivunja kipande akakiweka shavuni, ule ukavu ukanywa mate yote. Wanawake kisimani wakamcheka. "Mama Mageni, mgeni wa pili huyo yuko njiani?" Naye akacheka nao, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Na alimbeba Mageni. Mtoto alikwisha kujua kukimbia, lakini ikifika saa ile Sikujua alimfunga mgongoni kwa kanga, akaikaza, akafunga na fundo la pili. Mageni alilalamika, "Mama, nishushe." "Kidogo tu, mwanangu." Uzito ule ulikuwa ndio ukuta wake. Alijua hawezi kulala chini na mtoto mgongoni.

Mara moja ukuta ulibomoka. Alikuwa anachuja, pombe ikamrukia mgongoni mwa kiganja, akairamba bila kufikiri, kama mtu anavyoramba jasho. Ghati alimkuta nyuma ya kihenge, amepiga magoti, anakamua machicha mdomoni kwa mikono miwili.

"Weee!" Ghati alishika kiuno. "Hata paka huiba akiwa amesimama. Wewe unaiba umepiga magoti, utadhani unasali!"

Sikujua alilia. Ghati hakumbembeleza, alimsukutua kwa maji na majivu mpaka fizi zikawasha, kisha akakaa naye chini. Hakumwambia mtu. Lakini kuanzia hapo, kila Jumamosi wanaume walipokuja, Ghati alikaa kando ya mtungi kana kwamba pombe ni ya wote wawili, akachota yeye kata ya kwanza, akapiga mluzi wa utamu, wageni wakaridhika. Mpishi mmoja au wapishi wawili, mradi kuna aliyemeza.

*

Pamba ilikwisha kuvunwa. Siku ya Alhamisi dereva wa lori la Mansukhlal, lile lililoleta chumvi na nguo na kurudi na pamba, alisimama mbele ya nyumba akapaza sauti bila kushuka: "Mama Mageni! Mkweo anakusalimu. Jumapili namleta."

Na Ijumaa, kabla jua halijapanda, Ghati akagonga mlango, mzigo kichwani. Mama yake kule Tarime yu hoi, naye Ghati amepata lori la kwenda Mwanza.

"Na kesho?" Sikujua aliuliza.

Ghati aliutazama mtungi. Mkubwa ule, wa shughuli, umekaa uani juu ya mafiga matatu, na ndani yake pombe ikinong'ona. Chachu haimngoji msafiri arudi.

"Kesho sema unaumwa," Ghati alisema. Kisha akamshika shavu, jambo asilolizoea. "Usipige magoti, dada yangu."

Jumamosi pombe ilinyamaza. Ilikuwa imeiva vizuri kuliko zote alizowahi kupika, na yeye alilijua hilo kwa pua tu, akiwa mlangoni, udongo shavuni.

Wanaume walikuja wameoga, mashati nje. Walimtanguliza Eustace, nyapara wao, Mhaya mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Nyuma yao alikuja Kalisti, Msumbwa asiyeweza kukaa bila kuchokoza, na mbwa wake mwekundu. Mabula akawapangia vigoda kwa majivuno ya mwenye nyumba.

"Haya, Mama Mageni," Eustace alisema. "Tufungulie."

"Karibuni. Leo Baba Mageni atanifungulia. Mimi tumbo linanikata."

"Tumbo!" Kalisti alidakia. "Si pombe ndiyo dawa ya tumbo? Shemeji, umeona wapi mganga anaogopa mizizi yake?"

Wakacheka. Mabula naye akacheka, akanyoosha mkono kuchukua kata. Eustace akamzuia kwa kiganja.

"Subiri, Mabula. Wewe siye uliyepika."

"Lakini ni nyumba yangu."

"Nyumba yako, ndiyo. Mtungi ni wa mkeo. Mume anaweza naye kuwa hajui."

"Tena mume ndiye wa kwanza kufa," Kalisti alisema. "Ulizeni wajane wote."

Safari hii waliocheka ni wachache. Mwezi uliopita mtu mmoja wa kule bondeni alikunywa kwa mama mmoja mgeni, akalala, hakuamka. Wengine walisema ni moyo. Wengine walisema yule mama hakunywa kata ya kwanza. Kila aliyekaa pale uani alikuwa amechimba kaburi lile au alimjua aliyelichimba.

"Yule Mkurya yuko wapi?" mmoja aliuliza.

"Amekwenda kwao," Sikujua alisema.

"Jana?"

"Jana."

"Jana," mtu yule akarudia, akimtazama jirani yake.

Sikujua aliona jinsi uso mmoja baada ya mwingine ulivyofungwa, kama maduka ya Wahindi siku ya fujo. Akajua wanachohesabu: mwenzake amekimbia, naye hataki kumeza. Angeweza kuwaambia. Maneno yalikuwa matatu tu, *mimi nikinywa siachi*, lakini Mabula alisimama pale katikati ya wenzake, shati lake jeupe alilolifua yeye, na hapakuwa na mke kambini aliyewahi kusema neno la namna ile mbele ya wanaume.

"Mama Mageni," Eustace akasema, na sasa upole wake ulikuwa na baridi. "Kata moja. Tumekunywa kwako tangu lini? Usitufanye tuwaze mabaya."

"Siwezi, baba."

"Huwezi au hutaki?"

Mabula alimsogelea, akamwambia chini kwa chini, "Kunywa basi, unaniua. Kata moja tu. Nani atajua?"

"Mama yako atajua."

"Mama anakuja kesho. Utatafuna karafuu."

Hapo ndipo Kalisti alipopata ufumbuzi. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mdomo wake ulifika mahali kabla ya yeye mwenyewe. "Jamani, mbona rahisi? Aonje mtoto. Mama gani atamtilia mwanawe sumu?"

Alisema kwa mzaha. Lakini mzaha ule ulikuwa mlango, na kila mtu akaona kwamba unafunguka. Eustace akaitikia kwa kichwa taratibu. Hapakuwa na ubaya ndani yake. Nani kati yao hakunyweshwa kidogo utotoni, akakunja uso, wakubwa wakacheka? Mabula alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia.

"Mageni! Njoo kwa baba."

Mageni akaja mbio, amefurahi kuitwa mbele ya watu. Baba yake akazamisha kata mtungini, akaipangusa ukingo, akachuchumaa. Mtoto akaishika kwa mikono miwili, ule wa kulia na ule wa kushoto wenye vidole vilivyoshikana, akainua kidevu.

Sikujua aliona mkono mwingine. Aliona mkono wa mama yake, na bangili ya shaba, na yeye mwenyewe hana meno ya mbele, anainua kidevu vile vile.

Hakukumbuka kuvuka ua. Kata ilikuwa mkononi mwake, na watu wote wakashusha pumzi, "Aaah," wakijua sasa mwenyewe atakunywa. Harufu ikampanda usoni. Mate yalijaa yakashinda udongo. Ile sauti ya adabu ikasema, *Unaona? Sasa ni kwa ajili ya mtoto. Sasa hata Mungu hana neno.* Na ilikuwa kweli. Hakuwahi kupata sababu nzuri kama ile; ndiyo iliyomtisha.

Akageuka, akairudisha pombe ya kata mtungini. Akaweka unyayo kwenye figa la upande wa bondeni, akalisukuma.

Mtungi uliinama polepole, kama mzee anayeketi. Kisha ukalala ubavu, na kazi ya juma zima ikatoka mara moja, ikapita miguuni mwa wanaume, chini ya vigoda, mpaka kwenye uzio. Waliruka kama walioona nyoka.

"Mnaona?" mtu alipiga kelele. "Anaficha! Ilikuwa sumu!"

"Jamani, mke wangu..." Mabula alianza, asimalize.

"Mkeo ametaka kutumaliza!"

Sikujua alimvuta Mageni akasimama naye mlangoni. Alikuwa amejifungia mwenyewe kwa komeo la nje. Asingemwaga, angekunywa. Alipomwaga, amekiri. Mmoja alikwisha kutaja kumwita jumbe, mwingine anatafuta fimbo.

Ni kuku waliomwokoa. Walikuwa wametoka nyuma ya nyumba, jogoo mbele, wakaanza kudonoa machicha na kunywa kwenye vidimbwi, na mbwa wa Kalisti akaingiza pua katikati yao akilamba kwa pupa.

"Simba, toka!" Kalisti alimrukia, akamkosa. "Toka, utakufa!"

Mbwa hakutoka. Basi watu wakasimama kutazama. Walitazama kwa muda mrefu. Jogoo aliinua kichwa, akataka kuwika, sauti ikatoka nusu. Akapiga hatua kwenda kulia, miguu ikampeleka kushoto. Tetea mmoja akakaa chini katikati ya njia kama mgeni aliyechoka. Mbwa akajaribu kukojoa penye uzio, akaanguka ubavu, akabaki akipiga mkia chini kwa raha. Hakuna aliyetapika povu, hakuna aliyekakamaa.

"Wamelewa," Eustace alisema.

Kalisti alichuchumaa, akachovya kidole kwenye kidimbwi, akakinusa, akakiramba. Uso wake ukajaa huzuni kama aliyefiwa. "Jamani. Jamani! Nzuri hii. Tangu nizaliwe sijaonja kama hii. Na mbwa ndiye kaimaliza."

Kicheko kilianza kwa mmoja, kikawashika wote, na kilikuwa kicheko kisicho na furaha nyingi. Eustace hakucheka. Alimtazama Sikujua mlangoni, akautazama mkono wa mtoto, akamtazama tena. Alichukua kofia yake. Wakaondoka kwenda kutafuta pombe kwingine, Mabula katikati yao, hakugeuka nyuma.

*

Ua ulibaki na kuku walevi na harufu. Ardhi ilikuwa imekunywa, na joto likawa linaitoa ile harufu upya, linaipandisha, linaiingiza ndani ya nyumba, kwenye kanga, kwenye nywele za mtoto. Jua liliegemea paa la Ghati. Saa yake ilikuwa imefika, na Ghati hayupo.

Sikujua alikwenda kuusimamisha mtungi, ndipo alipoona. Mtungi ukilala ubavu hubakiza kitu tumboni. Ilikuwa kama kata moja, labda mbili. Imetulia, nyekundu, safi.

Alisimama pale. Hapakuwa na mwanamume, hapakuwa na kiapo, hapakuwa na mtu wa kumshawishi. Aliiambia mikono yake imwage. Mikono ilikuwa imefundishwa kuchota tangu utotoni, kumwaga haikujua. Kumwaga kule kwa kwanza kulifanywa na mguu. Akachota majivu jikoni akayatupa ndani. Yakaelea, yakaanza kuzama, naye akayatazama yakizama na kujua, kwa ujuzi wote wa mama yake na bibi yake, kwamba majivu hutuama, na pombe hubaki juu, safi vile vile. Magoti yalikuwa yameanza kukunjika.

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya Kalisti kwenye uzio. "Nimemfuata mbwa. Hawezi kutembea, shenzi huyu."

Sikujua hakugeuka. "Kalisti. Uchukue mtungi huu."

"Huo? Nipeleke wapi?"

"Kwako. Na kilichomo kimwage njiani, nisikuone ukimwaga."

"Mama Mageni, mtungi bila mpishi ni wa nini? Nifugie njiwa?"

"Fugia njiwa. Na nikija kuuomba usinipe." Alirudi nyuma hatua moja. "Hata nikija nalia. Mimi nikinywa siachi, Kalisti. Ndiyo sababu. Hapakuwa na sumu. Sumu ni mimi na kata ya pili."

Kalisti alifungua mdomo atie mzaha, akaufunga. Huenda ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaubeba mtungi begani, akatoka, na mbwa wake akamfuata akiyumba.

Mabula alirudi kabla ya giza, ananuka kwa mama mwingine. Alikaa kizingitini mbali naye. "Mama akija kesho akasikia ua huu unavyonuka," alisema, "utamwambia nini?"

*

Lori lilifika asubuhi. Mama yake Mabula alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, kifurushi kizito kichwani. Alisimama penye uzio, pua ikatanuka. Aliwaona kuku wawili ambao bado wamejikunyata. Aliona kiraka cheusi cha ardhi kilichofika mpaka kwenye uzio.

"Shikamoo, mayu," Sikujua alisema, amepiga goti.

"Marahaba. Inuka. Fungua kinywa."

Sikujua alifungua. Mama mkwe akashika kidevu chake kama ashikavyo ng'ombe sokoni, akasogeza uso karibu, akavuta pumzi. Akavuta tena. Mageni aliwatazama wote wawili, amemshika mama yake kanga. Mabula alitazama chini.

"Udongo," mama mkwe alisema mwishowe. "Unanuka udongo na njaa. Una mimba?"

"Hapana, mayu."

"Na hiyo?" Akaonyesha kiraka kwa kidevu.

"Niliimwaga."

"Yote?"

"Yote."

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda. Alimpakata mjukuu, akaukunjua mkono wa kushoto, akavisugua vile vidole viwili kwa gumba lake kana kwamba vitaachana. "Wabeja," alisema, ambalo ni asante, na hakusema anamshukuru nani. "Mtoto atabaki. Nami nitabaki, mpaka mvua."

Moyo wa Sikujua ulijaa. Angelia, lakini mkwewe alikwisha kuvuta kile kifurushi na kukifungua. Ndani yake kulikuwa na kimea, cha mtama mwekundu wa Mhunze, kilichokauka vizuri. Mama haendi kwa mwanawe mikono mitupu, na kimea cha mkwe hakirudishwi.

"Nilikianika mwenyewe," alisema. "Wazee wa nyumbani waliokwisha kufa wanataka tambiko lao, na mwanangu lazima awaombe radhi wenzake kwa kiu ya jana, wanaume hapo barabarani wamenisimulia mambo ya kuku. Utapika. Usiogope, kata ya kwanza nitakunywa mimi."

Mabula aliinua uso kwa mara ya kwanza, ukiwa umeng'aa. "Umesikia, Mama Mageni? Mama ataonja yeye."

"Nimesikia," Sikujua alisema.

Alitaka kuuliza, *na ya pili?* Kata ya kwanza ina macho ya watu wote. Ya pili haina shahidi. Hunywewa nyuma ya kihenge, magoti chini. Lakini wote wawili walimtazama kwa wema, wakidhani wamempa zawadi kubwa, na dhidi ya wema hakuwa amejifunza kusukuma figa.

Akampokea Mageni, akamweka mgongoni.

"Mama, nishushe," mtoto alisema.

"Kidogo tu."

Akakaza kanga, akafunga fundo la pili. Akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, kwa kuwa hakuna mwanamke anayesaga akiwa amesimama, akamimina kiganja cha kwanza cha kimea. Jiwe likaanza kuimba. Harufu tamu ikapanda, na chini ya ulimi mate yakajaa. Akanyoosha mkono, akavunja kipande cha udongo, akakiweka shavuni, akaendelea kusaga.